Chora Kwanza, Ndipo Ubomoe

Mhadhara uliotolewa mbele ya wazee wa makanisa, walimu na wananchi wa Ibaba, Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe

   

Mwenyekiti wa mkutano huu aliponipigia simu alisema, "Mwalimu, njoo utuambie tusibomoe makanisa ya zamani." Naanza kwa kumwomba radhi, kwa kuwa sikuja kusema hivyo. Waumini wameongezeka, kuta za udongo zimepata nyufa, kenchi zimeliwa na mchwa, na mvua ya masika haijui kwamba jengo ni la kihistoria. Mkiamua kubomoa, mna haki na pengine mna busara. Dhumuni langu leo ni dogo kuliko hilo, na ninalishikilia kwa mikono miwili: kabla nyundo ya kwanza haijapiga ukuta, mchoro uwe umekwisha. Nitatoa hoja tano. Hazilingani urefu, maana hazilingani uzito.

Nianze na kisa. Niliwahi kukaa na wazee watatu wa usharika mmoja ambao sitautaja. Kanisa lao la zamani lilikuwa limebomolewa na vipande vya tofali zake vimemwagwa kwenye msingi wa jipya. Niliwauliza swali jepesi: lile la zamani lilikuwa na madirisha mangapi? Wa kwanza akajibu haraka, sita. Wa pili akamcheka, akasema nane. Wa tatu, ambaye ndiye aliyelipiga lipu enzi za ujana wake, alifumba macho akaanza kuhesabu kwa vidole, ukuta wa kulia, ukuta wa kushoto, nyuma. Akafika saba. Akafumbua macho akasema, "Saba haiwezekani." Hawa ni watu waliobatizwa mle, wakaoa mle, wakawaaga wazazi wao mle. Hakuna aliyekuwa mwongo. Ila jengo lilikuwa limekwisha kuwaponyoka, na kila mmoja alibaki na kanisa lake kichwani.

Hoja ya kwanza: mchoro huhesabu

Hapa nitawapeleka mbali, hadi Roma, kwa sababu kule kilitokea hiki tunachokizungumza, tena katika moja ya makanisa makubwa kabisa ya wakati wake. Basilika la Mtakatifu Petro mnaloliona kwenye televisheni siku ya Pasaka si la kwanza mahali pale. La kwanza lilijengwa katika karne ya nne, enzi za Kaisari Konstantino, likasimama miaka ipatayo 1,200. Mwaka 1506 Papa Julius wa Pili aliweka jiwe la msingi la jengo jipya, na msanifu wake, Bramante, akaanza kuangusha la kale kwa kasi iliyowaudhi watu. Waroma wenyewe walimgeuzia jina lake wakamwita kwa neno la Kitaliano lenye maana ya mharibifu.

Tafadhali zingatieni ni nani aliyebomoa. Hakuwa adui wala jeshi la kigeni. Kanisa lilijibomolea lenyewe, kwa sababu zilezile mnazozitaja ninyi kwenye vikao vya ujenzi: jengo limechakaa, kuta zimeinama, tunataka kubwa zaidi. Kazi ile ilikwenda kwa vipindi kwa zaidi ya miaka mia moja. Nusu ya magharibi ilianguka mapema, nusu ya mashariki ikabaki ikitumika kwa ibada, na mwaka 1538 ukajengwa ukuta kuitenganisha na eneo la ujenzi. Kwa hiyo kwa vizazi kadhaa watu walisali katika nusu ya kanisa, upande wa pili wa ukuta mafundi wakigonga mawe. Naona wajumbe wa kamati za ujenzi wanatabasamu. Nadhani mnaijua hali hiyo.

Mchoraji mmoja kutoka Uholanzi, Maarten van Heemskerck, aliyekaa Roma katika miaka ya 1530, alichora alichokiona: nguzo za kale zimebaki wazi, na matao mapya makubwa yanachomoza juu yake. Michoro yake ni mizuri, lakini yeye alikuwa mgeni anayepita. Alichora magofu kama mgeni anavyochora mlima wetu: kwa kuushangaa.

Mtu ninayemtaka ni mwingine. Aliitwa Tiberio Alfarano. Alikuwa mtumishi wa kawaida wa basilika lile, wala hakuwa msanifu wa sifa. Alipofika pale nusu ya kanisa la kale ilikuwa imekwisha kuondoka. Alifanya nini? Alipima kilichobaki, akasoma maandishi ya kale, akawauliza makasisi wazee: altare fulani ilikuwa wapi? Kaburi la fulani lilikuwa upande gani wa nguzo? Mwaka 1571 alikamilisha mchoro wenye urefu wa zaidi ya mita moja, unaoonyesha ramani ya kanisa la kale na ya jipya katika karatasi moja, ukuta juu ya ukuta. Ukiangalia unaona altare ya zamani ingeangukia wapi ndani ya jengo jipya. Mwaka 1590 mchoro huo ulichongwa kwenye bamba la shaba na Natale Bonifacio ukachapwa. Una orodha yenye vipengele zaidi ya mia moja: kila altare, kila kaburi la maana, kila mlango una namba yake, na kila namba ina maelezo.

Hapo kwenye namba ndipo penye hoja yangu. Huwezi kuchora dirisha bila kuamua ni la ngapi. Mchoro unakulazimisha uulize, na ukikosa jibu unabaki na nafasi nyeupe inayokukodolea macho mpaka uende kwa mzee mwingine. Wale wazee wangu watatu wangechora, ugomvi wao wa madirisha ungeisha siku hiyohiyo, au angalau wangejua wanagombea ukuta upi.

Naona kijana pale ananyanyua simu. Najua unachotaka kusema: Mwalimu, siku hizi tunapiga picha. Pigeni, tena nyingi. Lakini hebu kila mmoja akumbuke picha alizonazo nyumbani za kanisa la zamani. Ni za harusi. Bibi harusi yuko mbele, wasimamizi kando, na kanisa ni kipande cha ukuta kilichochungulia nyuma ya mabega ya watu. Ni za upande wa mbele tu, siku ya jua, watu wamevaa vizuri. Hakuna aliyepiga picha ya chumba cha nyuma anakovalia mchungaji, wala ya kona iliyokuwa inavuja, wala ya mahali mama wenye watoto wachanga walipokuwa wakikaa ili watoke bila kusumbua. Na simu ikianguka mtoni, au memori kadi ikiharibika, kumbukumbu yenu imekwenda nayo.

Kuna jambo moja la mwisho kuhusu Roma. Mwaka 1605 Papa Paulo wa Tano aliamuru nusu iliyobaki nayo iangushwe. Safari hii kazi haikuanza hivihivi. Mthibitishaji wa hati, Giacomo Grimaldi, aliandikisha altare, makaburi na masalia kabla na wakati wa kubomoa, na ikachorwa michoro kuambatana na maandishi yake. Basilika likaandikiwa hati kama mirathi inavyoandikwa mzee akiwa bado anapumua. Katika miaka ya 1940, wachimbaji walipofukua chini ya sakafu ya basilika la sasa, walikuwa na ramani ya Alfarano mkononi ya kulinganisha na misingi waliyoikuta. Karibu miaka 400 baadaye, mtumishi yule wa kawaida alikuwa bado anaulizwa maswali.

Hoja ya pili: pasipo mchoro, kumbukumbu huenda kwa mgeni mashuhuri

Turudi nyumbani. Bagamoyo, mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868, na kanisa lao la kwanza likajengwa mwaka 1872. Februari 24, 1874, mwili wa mmisionari David Livingstone uliingizwa mle, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka Chitambo, ambako leo ni Zambia. Mwili ukalala humo, kisha ukavushwa Zanzibar na kupelekwa Uingereza. Kanisa jipya na kubwa lilijengwa kati ya 1910 na 1914. La kwanza, kinachosimulia habari zake leo ni mnara.

Na mnara huo unaitwaje? Mnara wa Livingstone.

Sina ugomvi na marehemu. Lakini mtu yule alipita pale akiwa amekwisha kufa, kwa muda mfupi mno. Watoto waliokombolewa utumwani walilelewa katika misheni ile, wakasali humo kila siku, wakajifunza kusoma na kazi za mikono. Mnara haubebi jina la hata mmoja wao. Jengo likiondoka na mpangilio wake wa ndani usipohifadhiwa, nani alikaa wapi na nani alipiga kengele, kumbukumbu inashika jina kubwa lililo karibu na kulisahau kundi. Hapa kwetu ni hivyohivyo. Ukiuliza kanisa fulani lilijengwa na nani, utatajiwa mmisionari. Waliofyatua tofali wakazichoma, waliobeba maji kichwani kutoka bondeni, hao wanaitwa "wananchi". Mchoro unaweza kuandika pembeni ya ukuta: tofali hizi zilifyatuliwa na watu wa kitongoji hiki.

Hoja ya tatu: si kila jengo hutoa notisi

Hii ni fupi. Pale Namirembe, Kampala, Waanglikana wamejenga tena na tena juu ya kilima kilekile. Kanisa lao la miti na nyasi liliangushwa na dhoruba mwaka 1894. Wakajenga jingine. Kanisa kuu la tofali lililowekwa wakfu mwaka 1904 lilipigwa radi mwaka 1910 likateketea. Hili lililopo lilikamilika mwaka 1919. Sasa, nani hapa Ileje anayehitaji kufundishwa kuhusu radi? Msingoje kikao cha kubomoa. Jengo linachorwa likiwa zima, siku ambayo hakuna mtu anayefikiri litaondoka.

Hoja ya nne: sheria haitawafanyia kazi hii

Wengi huniambia, "Serikali italinda." Hebu tuisome sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Milango ya kuchonga nayo inalindwa, kama ile ya Bagamoyo, na kwa hiyo mpaka wa mwaka ni 1940. Jengo la baada ya 1863 linaweza kulindwa Waziri akilitangaza, lakini mpaka atangaze.

Fanyeni hesabu. Wamisionari Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891. Kituo cha Mbozi, katika mkoa wetu huuhuu, kilianzishwa mwaka 1899. Kanisa la kwanza kabisa la nyanda hizi limechelewa kwa angalau miaka 28 kufikia mwaka wa sheria. Yaani mlango wa kuchonga wa mwaka 1939 una ulinzi ambao kanisa la babu zenu halina. Sisemi hili kuilaumu sheria. Ilitungwa na watu waliokuwa wakiwaza Kilwa na magofu mengine ya pwani. Nalisema ili mtu asiketi akingoja afisa wa mambo ya kale atoke mbali kuja kupima kanisa la tofali na bati huku mlimani. Nadhani atachelewa.

Na mkoa wenyewe ni mchanga. Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, kwa hiyo hata karatasi zetu za kiserikali zimegawanyika, nyingine huku, nyingine kule. Mtu atakayetafuta habari za jengo la Ibaba miaka 50 ijayo ataanza kwa kujiuliza aende mji upi.

Hoja ya tano: mchoro una mwenyewe

Hapa naomba subira, kwa sababu ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wanaodhani kwamba mchoro wowote unatosha.

Mwaka 1635 António Bocarro alikamilisha kitabu juu ya ngome za Wareno za mashariki, na ramani zake zilichorwa na Pedro Barreto de Resende. Mombasa imo. Mji ule ulikuwa na konventi ya Waaugustino tangu 1597. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mtawala wa Mombasa aliyelelewa na Waaugustino haohao huko Goa na kubatizwa kwa jina la Jerónimo, aliwageukia Wareno akaitwaa Ngome ya Yesu, na Wakristo wengi wakauawa. Wareno walirudi mwaka uliofuata. Kitabu cha Bocarro kikaja miaka mitatu tu baadaye. Kilitengenezwa kwa ajili ya mfalme, naye alitaka kujua kuta, mizinga, askari na mapato. Kinatufaa sana leo, sikatai. Lakini kiliuliza maswali ya mwenye mizinga. Waumini Waswahili waliokuwa wakisali na wale mapadri, na ambao baadhi yao walikufa mwaka ule, hawakuwa na mtu wa kuuliza swali lao.

Picha za vituo vya kwanza vya Wamoraviani wa nyanda hizi nazo zimehifadhiwa vizuri, tena sana, katika kumbukumbu za kanisa lao huko Herrnhut, Ujerumani. Nyingine siku hizi zinaonekana kwenye intaneti. Nawashukuru waliozitunza. Lakini aliyeshika kamera ndiye aliyechagua pa kuilekeza. Sasa ni zamu yenu kuchagua.

Basi tushuke kwenye kazi yenyewe, maana wazee hapa wameanza kuangalia jua.

Chukueni daftari la miraba, lile la hesabu linalouzwa dukani. Mraba mmoja uwe nusu mita. Msitafute msanii. Mwiteni fundi mwashi na mwalimu wa hesabu, na watoto wawili wa darasa la sita wa kushika ncha za kamba. Pimeni nje kwanza, kisha ndani, halafu pimeni mishazari, kona kwa kona. Mishazari miwili isipolingana, mjue jengo limepinda au mmekosea, na yote mawili ni habari. Pimeni unene wa kuta. Hesabuni kenchi. Andikeni bati liliezekwa lini na kabla yake paliezekwa nini. Kengele kama ni rimu ya gari iliyotundikwa mtini, chora rimu na mti.

Hiyo ni siku ya kwanza. Siku ya pili ndiyo ngumu. Toeni viti nje, waiteni wazee ndani ya jengo tupu, kila mmoja asimame mahali alipozoea kukaa. Mtaona wanakwenda bila kufikiri, miguu inajua. Wapeni namba, kama Alfarano alivyofanya. Namba 1, mimbari. Namba 14, mahali alipokaa mama fulani aliyeanzisha nyimbo kwaya ilipokosa mwalimu. Namba 22, ufa uliotokea mwaka wa tetemeko. Wakibishana, andikeni pande zote mbili. Usichore nusu ya njia kati ya kumbukumbu mbili ili kuwaridhisha wote, maana dirisha la upatanishi halijawahi kuingiza mwanga.

Mama mmoja ameniuliza wakati wa chai, sauti ya chini: na kama kanisa lenyewe limekwisha bomolewa? Mama, Alfarano alianza na nusu iliyokwisha kuondoka. Wale wazee wangu watatu bado wapo. Hata msingi ukiwa umefunikwa, mvua ikinyesha na jua likaja juu, nyasi juu ya mawe hukauka mapema kuliko nyasi za pembeni. Pita wakati wa kiangazi uone. Kisha chora, na andika juu yake kwa uaminifu: umechorwa kwa kumbukumbu, si kwa kupima.

Nakala ziwe tatu. Moja kwenye kabati la usharika, moja kwa mwalimu mkuu, moja ofisi ya wilaya kule Itumba. Ziwekeni na tarehe na majina ya waliopima, hata ya wale watoto wa kamba. Hao watakuwa wazee wa kuulizwa mwaka 2080.

Nimeambiwa kwamba baadhi yenu mna vikao vya ujenzi baada ya mavuno. Ombi langu kwa wenyeviti wa kamati ni moja: katika bajeti ya kubomoa, kabla ya mstari wa saruji na nondo, uwepo mstari wa mchoro. Gharama yake ni daftari, penseli, kamba, na chakula cha mchana cha wazee. Asiwepo fundi wa kugusa bati kabla mstari huo haujatiwa alama ya kwamba umekamilika.

Sikuja mikono mitupu. Pale mezani kuna madaftari manne ya miraba na futi kamba moja ya mita 30. Futi ni ya kuazimana. Usharika wa kwanza utakaokuja kuichukua uandikishe jina kwa Mtendaji wa Kata, na uirudishe Jumatatu.